Kigoda Upande wa Kulia

Mama Mudathir aliingia uani kwa Yunisi na sufuria tupu la maharage, kalishika kichwa chini matako juu, kidole chake cha shahada kimekwisha kuwa cheusi.

"Geuza shavu."

"Jirani, leo ndiyo nakwenda hospitali."

"Basi nenda na dawa tayari. Hakuna matubwitubwi yaliyowahi kushinda masizi ya sufuria, si hapa Buzebazeba wala kwenu Kalinzi."

Yunisi akageuza shavu, maana kubishana na Mama Mudathir ni kutwanga maji. Uvimbe ulikuwa mbele ya sikio la kushoto, mviringo na mgumu kiasi kama chikichi, na haukumuuma. Ulianza mwaka ule watu wa Zaire walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Hakupata nafasi ya kuufikiria, kwa kuwa mwaka huohuo mumewe alipoteza masikio.

Dismasi alikuwa fundi na mwendeshaji wa mashine za mitumbwi. Siku zile za mbio alikwenda ng'ambo na kurudi, amekaa nyuma kando ya mashine iliyopasuka bomba la moshi, ikimpigia kelele kichwani. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuitengeneza huku watu wamejaa ufukweni na watoto migongoni. Mbio zilipopungua, sauti za watu hazikumrudia. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki linasikia ngurumo na mlango ukigongwa, na Yunisi akisema kwa nguvu, mlio tu bila maneno.

Maneno aliyapata kwa macho. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake kushoto kwa mkewe, sikio lililobaki limeelekea kwake, akiutazama mdomo wake. Midomo ya watu wengine ilimshinda. Mwenye mashine mbovu alikuwa akimweleza Yunisi, na Yunisi akimweleza fundi.

"Masikio yangu nimeyaoa," alikuwa akiwaambia wateja. "Shida yake yanapenda kugomba."

Hospitalini, Daktari Telesphory alichukua pamba yenye spiriti akafuta lile shavu. Alikuwa Mhaya mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyeletwa Kigoma wakimbizi walipozidi.

"Hii nyeusi ni nini, mama?"

"Masizi, daktari. Ya matubwitubwi."

"Matubwitubwi ya tangu mwaka juzi?"

Yunisi akacheka kwa aibu, na daktari naye akacheka. Kisha akamwambia akunje uso, afumbe macho kwa nguvu, avimbishe mashavu, aoneshe meno. Vyote vilikwenda sawa, kushoto na kulia. Ndipo akaubonyeza uvimbe kwa kidole.

Yunisi aliruka kitini. "Umenipiga shoti!"

"Imekwenda wapi?"

"Hapa." Akagusa pembe ya mdomo.

Daktari hakucheka tena. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Hapa pana tezi ya mate. Mara nyingi uvimbe wa hapa huota kwenye tezi yenyewe. Lakini katikati ya tezi hiyo unapita mshipa wa fahamu, ule unaoendesha uso, ukifumba jicho, ukicheka, ukisema. Huu wako nadhani umeota kwenye ganda la mshipa huo. Ni jambo la nadra sana. Mimi nimeuona mmoja tu, nikiwa masomoni."

"Ni saratani?"

"Sidhani. Saratani ya hapa mara nyingi hupindisha uso, na wako mzima. Tutavuta kidogo kwa sindano, tupeleke Dar es Salaam wakaangalie."

Majibu yaliporudi, hayakuwa ya saratani. Yunisi alishukuru Mungu kwa sauti, akasimama aage, daktari akamwomba akae.

"Uvimbe umekua tangu uje mara ya kwanza. Tukiuacha utaendelea, na siku moja utaubana mshipa. Nikiutoa, nitapasua ganda taratibu niuchomoe wenyewe, mshipa nisiukate. Lakini mshipa ukishikwashikwa hukasirika. Mdomo unaweza kupinda. Huenda kwa miezi. Huenda usirudi. Siwezi kukuahidi."

"Basi uache."

"Mama, bado unapendeza, na kovu tutalificha mbele ya sikio..."

"Siyo kupendeza, daktari." Yunisi alitazama miguu yake. "Mume wangu anasikia kwa mdomo huu."

Nyumbani hakumwambia mumewe. Alipozungumza na Mama Mudathir juu ya upasuaji, alivuta kanga akaziba mdomo, kwa kuwa Dismasi alikuwa pale uani akisugua plagi. Dismasi aliweka plagi chini. Akaja, akaishusha ile kanga kwa vidole vyenye grisi.

"Mama Agnesi, ukiziba hapa umenifungia nje ya nyumba yangu. Sema."

Akasema. Alisema polepole, neno kwa neno, machozi yakimtoka, na Dismasi akasoma mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka ubebe jiwe shavuni kwa ajili yangu," alisema.

"Ukinikosa mimi utamsikia nani? Mama Mudathir?"

"Mungu aniepushe."

"Nimesikia!" alisema Mama Mudathir.

Dismasi akamshika Yunisi kidevu. "Na ukiuacha mpaka mshipa ubanwe, si mdomo utapinda vilevile? Mashine ikigoma upande mmoja huwa naitupa ziwani? Nitajifunza upya. Nenda."

Akaenda. Alipozinduka, kichwa kimefungwa bandeji, Daktari Telesphory alikuwa pale na uso wa mtu aliyechoka lakini ameridhika. Uvimbe ulikuwa umetoka mzima kama chikichi kwenye maganda yake, alisema, na mshipa haukukatwa. Lakini Yunisi alipojaribu kuonesha meno, upande wa kulia ulikwenda peke yake. Kushoto palikaa kimya kama mlango uliofungwa.

Siku za kwanza nyumbani zilikuwa ngumu. Dismasi alikaa kwenye kigoda chake, akitazama, na kichwa akakitikisa. Yunisi alirudia mpaka mate yakamtiririka kidevuni, akayafuta kwa hasira, akaingia ndani. Wateja walikuja na mashine zao, wakaondoka nazo. Yunisi alijuta kwa moyo wote, ingawa hakuthubutu kutamka hilo hata kwa nusu ya mdomo iliyombakia.

Asubuhi moja alipokuwa akimenya mihogo, kigoda kikaburutwa. Dismasi alikihamisha kutoka kushoto, akakiweka kulia kwa mkewe.

"Huku unanielekezea sikio lililokufa," Yunisi alimwambia, akionesha kwa kisu. "Hata mlio wangu hutaupata."

Dismasi alikuwa amekodolea macho nusu ya mdomo iliyokuwa nzima. Kisha akasema, "Mlio wa nini? Umesema sikio limekufa. Najua limekufa, ni langu."

Yunisi aliangusha muhogo.

Tangu hapo alikaa kulia. Alikuwa akikosea, akipewa maneno mara mbili, akipata. Kila jioni alipaka mawese vidoleni akalisugua lile shavu la kushoto la mkewe, kwa jinsi daktari alivyowaonesha, huku akilisemesha kwa Kiha kama mtoto mvivu wa kuamka.

Mvua zilikuwa zimeshakwisha siku Dismasi alipoweka kabureta inayovuja juu ya kitambaa cha meza alichofuma Agnesi, binti yao. Yunisi akamgeukia, akamgombeza kuanzia kabureta mpaka ukoo wake. Dismasi alikuwa akitabasamu.

"Unacheka nini?"

"Endelea kunigomba."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Bado hujamgusa babu." Akainua kidole chenye mafuta, akakiweka pembeni kabisa mwa mdomo wa mkewe, upande wa kushoto. "Hapa pametikisika."

Yunisi hakuwa amehisi kitu. Alisimama, akavuta pumzi, akaanza upya kuanzia babu. Dismasi akaenda kukichukua kigoda chake, akirudishe kushoto.