Mzigo wa Majani Mabichi

Jenoveva Nafula alikuwa mwalimu kutoka Busia ya Kenya, nchi tambarare ambako mtoto akitaka kupanda juu hupanda kichuguu. Februari ya mwaka 1995 alikuja Lushoto kwa semina ya akina mama wa parokia. Siku ya mapumziko wenzake walikwenda sokoni. Yeye akasema atapanda mlima. Viatu alikuwa ameshavinunua kwenye lundo la mitumba, vyeupe, vya Mzungu fulani aliyekuwa na miguu myembamba kuliko yake.

Efrazia, mtunza hosteli, alimtafutia mzee Hezekia. Huyu alifanya kazi ya misitu kule Magamba miaka mingi mpaka alipopunguzwa pamoja na wenzake, na tangu hapo aliishi kwa kuwaongoza wageni hadi kwenye mwamba unaotazama Mazinde, chini bondeni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jenoveva alimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, wakaanza safari.

Siku hiyo ukungu haukushuka kabisa. Walipita mashamba ya kabichi na maharage, wakaingia vichakani, na kufika saa sita jua lilikuwa limewakalia utosini. Hezekia alimshauri apige hatua fupi, lakini Jenoveva alipanda kama mtu anayewahi gari, akahema, akasimama, akapanda tena. Kisigino cha kulia kilianza kuchubuka, akaona haya kusema. Mwishowe, koo lilipokauka, aligundua kwamba chupa ya maji ameisahau pale walipopumzika mara ya mwisho. Hezekia akamketisha chini ya mti wa mshai.

"Kaa hapa hapa, mama," alimwambia. "Njia hii inagawanyika mara nyingi. Usisogee mpaka nirudi."

Akashuka. Vishindo vyake vilipopotea, ndege nao wakanyamaza. Hata wadudu wa nyasini, waliokuwa wakilia tangu asubuhi, walikoma kwa pamoja.

Ndipo Jenoveva alipomwona mwanamke mbele yake kwenye njia, amevaa kaniki, amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe. Mzigo ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha kijani, na majani yale yalikuwa mabichi, yakidondosha maji. Jenoveva alimsalimu habari za kazi. Mwanamke hakugeuka, bali alisema kwa sauti ya upole:

"Mbele kuna kivuli kizuri. Njoo upumzike."

Jenoveva akaona aibu kukaa chini, mikono mitupu, huku mwenzake amejitwika. Akainuka, akamfuata. Alipoharakisha hakumkaribia; alipopunguza mwendo hakuachwa. Mara nyingine kona ilimficha, lakini matone ya maji yalibaki mavumbini, meusi, moja baada ya jingine, na Jenoveva aliyafuata bila kujiuliza yametoka wapi katika ukame ule. Kiu ilimwisha. Joto pia. Alijisikia baridi tamu mgongoni, akatamani tu kufika.

Kisigino ndicho kilichomsimamisha. Ngozi ilibanduka ghafla, akainama kulegeza kamba. Alipoinua uso, mwanamke alikuwa amesimama mbele yake na amemgeukia. Chini ya mzigo hapakuwa na uso. Palikuwa na giza, kama giza la ndani ya kichaka. Na hapo Jenoveva akaona kwamba nyasi zilikuwa zimekoma hatua mbili kutoka alipoinama. Mwanamke alisimama ng'ambo ya ukingo wa genge, na chini yake, mbali mno, ilikuwa mistari ya mkonge wa Mazinde na basi moja barabarani, dogo kama punje.

Jenoveva aliketi, akashika nyasi kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Hezekia, aliyefuata alama za viatu vyake mavumbini, alimkuta hivyo, akamvuta nyuma taratibu. Alimnywesha maji, na baada ya muda akamuuliza kwa nini aliondoka pale chini ya mti. Jenoveva akamsimulia: kaniki, mzigo, majani mabichi. Alipotaja kitambaa cha kijani, mzee aliketi chini.

"Kitambaa hicho nilikichana kwenye ovaroli yangu," alisema. "Asubuhi hiyo kamba ilikuwa imekatika."

Mkewe aliitwa Yusta. Alitoka kukata majani siku ya jua kama hii, miaka tisa iliyopita, na hakuonekana tena, hata kaniki yake. Wazee wa kanisa walimsihi Hezekia wamfanyie ibada ya mazishi. Akakataa kumzika mtu ambaye hakumwona amekufa.

"Napita hapa kila wiki," alisema. "Mimi hajanitokea hata mara moja." Kisha akauliza, akiangalia chini: "Usoni alionekanaje?"

Jenoveva alimtazama mzee yule, na lile giza likamrudia.

"Mzima," akajibu. "Ametulia."

Hezekia aliitikia kwa kichwa. Akasogea karibu na ukingo, Jenoveva akamshika koti na hakuliachia. Mzee alisema maneno machache ya Kishambaa kuelekea bondeni, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenziwe mezani, kisha wakashuka.

Pasaka ilipokaribia, barua ya Efrazia ilifika Busia. Hezekia ameacha kuongoza wageni, analima kabichi na wanawe. Yusta amefanyiwa ibada, kanisa lilijaa. Watu walipomuuliza mzee kilichombadilisha moyo, aliwaambia kwamba mgeni mmoja, mwalimu, mtu asiyesema uongo, amemwona mkewe usoni akiwa ametulia, na sasa na yeye atalala.

Jenoveva aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni pa darasa. Mara kadhaa alianza kuandika majibu. Kila alipofika mahali pa kumtaja Yusta, kalamu ilisita, na mwishowe akatuma salamu tu.