Saa Isiyojua Maji

Kama kuna kazi inayokunyonya macho kidogo kidogo bila kelele, ni hii yetu ya kutengeneza nyaya za saa za kuzamia. Saa yenyewe ni kompyuta ndogo anayoivaa mpiga mbizi mkononi. Inajua yuko kina gani na amekaa muda gani, na akizidisha inalia. Waya wetu unatoa habari hizo kwenye saa na kuzipeleka kwenye kompyuta ya mezani, basi. Wa kiwandani upo, ila umewekwa kwa ajili ya watu wanaozamia kwa starehe. Sisi tunawauzia wale wanaozamia kwa sababu kuna kitu kimekwama huko chini.

Mimi ndiye ninayelehemu. Nakaa kwenye meza ya kulia chakula, mgongo umekunjwa, moshi unaniingia puani, naunganisha nyuzi nyembamba kuliko unywele na sindano fupi za chuma. Sindano hizo ndizo zinazogusa vidoto, vile vinundu vya chuma vilivyo pembeni mwa saa. Wifi yangu, mke wa kaka, anamalizia: anavisha mpira, anafunga kibanio kinachoushika waya kwenye saa, anapima kwa mita, anafungasha. Mwanzoni tulitumia vibanio vya nguo. Wateja walicheka wakanunua, na wifi mpaka leo hunisimanga kwamba nguo za nyumba hii zilihamia kwa jirani na upepo kwa sababu ya sayansi yangu.

Aliyetuingiza kwenye haya yote ni kaka yangu. Wanamwita Kiboko, kwa kuwa anashinda majini na hutoka akisikia harufu ya chakula. Kazi yake iko bwawani, kwenye mitambo ya umeme. Mbele ya mitambo kuna wavu mkubwa wa chuma unaozuia magogo na takataka, na yeye anashuka kuusafisha kwa mikono. Maji yale ni tope tupu. Ukinyoosha mkono huoni kiganja, sembuse saa. Kwa hiyo Kiboko haitazami saa yake, anaisikiliza. Ikilia, anajua muda wake umekwisha, anapanda polepole na kutulia njiani kama inavyotakiwa.

Kutulia huko si madoido. Mtu aliyekaa chini sana akipanda moja kwa moja, hewa iliyomwingia mwilini inageuka mapovu, na mapovu hayachagui pa kukaa. Yakikaa kwenye bega unaumwa bega. Yakikaa kwenye uti wa mgongo, unaletewa kiti cha magurudumu. Mtu aliyemfundisha kaka kazi hii anacho, na kaka humtembelea, ila akirudi huwa hali chakula.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechoka kabla sijaanza. Nikafungua ujumbe wa wateja, na wa kwanza ulitoka kwa fundi mmoja wa mbali anayekagua nguzo za madaraja. Alisema saa yake imeacha kuamka majini tangu aanze kutumia waya wetu mpya. Akiingia nayo majini inaonyesha saa za kawaida tu, kana kwamba amekaa kibarazani.

Nilikasirika. Kila kitu kikiharibika, mkosaji ni waya. Betri imekufa, waya. Saa imekanyagwa na gari, waya. Jibu la watu wa namna hiyo ninalo kichwani: safisha saa, badilisha betri, asante kwa kununua kwetu. Nilikuwa nimeshalianza. Nikakumbuka kwamba kwenye nyaya hizi mpya tulibadilisha kitu.

Wateja walikuwa wakilalamika sindano zinaota kutu. Wifi akaleta wazo la kuzipaka grisi, ile nyeupe inayopakwa kwenye mipira ya mitungi ya hewa. Nikamsifu, maana lilikuwa wazo zuri, na kutu ikaisha kabisa. Hatukujiuliza vile vidoto vya saa vina kazi gani nyingine.

Nikachukua saa mbovumbovu tunayojaribia nikaitosa kwenye bakuli la maji. Ikaamka papo hapo. Nikaitoa, nikaikausha, nikaibana na waya mpya, nikabandua, nikaitosa tena. Kimya. Nikaitikisa humo ndani, maji yakamwagika mezani, na yenyewe inaniambia ni saa tatu asubuhi, haina habari na bakuli. Vidoto vile vile vinavyopitisha habari ndivyo vinavyoijulisha saa kwamba imeingia majini. Tulikuwa tumeviziba kwa grisi, safi kabisa, kwa mikono yetu wenyewe.

Wifi alikuwa anaanika nguo uani. Nilimwita kwa sauti ambayo sikuipenda mwenyewe.

"Kaka jana alitumia waya upi?"

Alisimama mlangoni na shati bichi mkononi. "Ule wake umeota kutu. Nikampa mpya."

Hakuhitaji kuelezwa. Alilitazama bakuli, akaitazama saa, kisha akakaa chini sakafuni. Mimi nilikuwa nimeshapiga simu. Ya kaka ilikuwa imezimwa, lazima iwe, yuko chini. Ya mwenzake anayemshikia kamba haikupatikana. Kule bwawani mtandao unakuja ukipenda.

Tukakodi teksi. Dereva alikuwa muungwana, mwendo wake wa harusi, na nilimsema hadi akaongeza. Wifi hakulia. Alikuwa anasugua vidole vyake kwenye sketi, anasugua tu, na nilitaka kumwambia grisi haipo hapo. Nilikuwa namwonea huruma na hapohapo nina hasira naye, na hasira ile haikuwa ya haki, nami nilijua.

Mshika kamba tulimkuta ameketi ukingoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, kamba mkononi, hana hili wala lile. Mitungi mitupu ilikuwa imelala kando yake, kwa hiyo Kiboko alikuwa ameshashuka na kupanda zaidi ya mara moja. Nikamuuliza saa ililia lini mara ya mwisho. Akasema leo haijasikika ikilia, kaka alipobadilisha mtungi alisema mambo mazuri, kazi inakwenda. Nikamuuliza basi amekaa chini muda gani kwa jumla.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Zamani alikuwa anapima muda kwa saa yake ya mkononi, akasema, ila tangu Kiboko apate hiyo inayojipimia yenyewe na kujimwaga kwenye kompyuta jioni, aliona haina maana. Waya wetu ndio uliompumzisha.

Nilimweleza kwa maneno machache. Akainuka kwenye ndoo. Akavuta kamba ile mivuto ya kumwita mtu apande, akangoja, na kamba ikavutwa kutoka chini kumjibu. Kamba ina mafundo ya kuonyesha kina. Lilipotokea fundo la karibu na juu, akavuta mvuto wa kumsimamisha. Kaka akasimama. Sikuona kitu isipokuwa mapovu yake yakitokea kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na nikayaomba yaendelee. Nilitaka akae pale mpaka jua lizame. Hakuna aliyejua anatakiwa kukaa kiasi gani. Aliyekuwa na kazi ya kujua alikuwa mkononi mwake amelala.

Hakukaa sana. Kamba ilivutwa kutoka chini, kwa nguvu, halafu tena. Mshika kamba akasema kwa sauti ndogo kwamba hewa imemwishia. Basi akapanda.

Alitoka majini akihema, akavua barakoa, akatuona mimi na mkewe tumesimama ukingoni kwa kandambili za nyumbani, akacheka. Aliuliza nani amekufa. Mkewe akamshika mkono, akaigeuza saa tukaitazama wote. Ilikuwa inaonyesha saa za kawaida.

"Haikulia," kaka akasema. "Nikajua leo imenihurumia, nikasema nimalize wavu wote."

Nikamwambia kuhusu grisi. Nilisema "tulipaka", na wifi akanikata akasema ni yeye. Kaka alisikiliza huku maji yakimchuruzika kidevuni. Sijui nilitegemea nini, labda atutukane, na ningefurahi angetutukana. Alisema tu kwamba yuko sawa, hajisikii chochote, tusianze matanga mapema. Akaomba chai.

Tukamkalisha kwenye kivuli cha ghala. Kwenye pikapu ya kazini kulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni, mshika kamba akamwekea mrija wake puani, naye akawa anautoa kila mara ili aongee. Alitupigia hadithi za magogo. Alituambia kule chini amekuta kiti cha plastiki kizima, amekikalia kidogo kupumzika. Mkewe alicheka mahali pasipo na kichekesho. Kila baada ya muda namuuliza, miguu? Mizima. Kichwa? Kizima, dada, labda kukuzidi wewe. Nilianza kupata ahueni, ile ahueni ya kijinga inayokuja kwa kuwa mtu amechoka kuogopa. Hospitali yenye chumba cha kumrudishia mtu mgandamizo wa majini, mapovu yayeyuke, iko mbali, barabara yake mbovu, na ukienda bure watakuona mbumbumbu. Nikajisemea tungoje kidogo. Yeye mwenyewe alisema tungoje.

Mkewe alimletea shati kavu. Akavaa, mkono mmoja, mkono wa pili, akabaki ameliacha wazi kifuani. Alikuwa anatetemeka kwa baridi.

"Funga shati," nikamwambia.

"Joto."

Alisema hivyo bila kunitazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kifungo cha juu, au umekilalia. Vidole vilikwenda kwenye tundu vikapita, vikarudi, vikapita tena, kisha akaushusha mkono taratibu pajani, kama mtu aliyebadili nia, na kuanza hadithi nyingine ya gogo.

Kaka yangu ana kiburi cha mwili. Hata alipokuwa na homa ya kufa na kupona hakukubali kulishwa kijiko. Wifi alipiga magoti mbele yake, akaanza na kifungo cha chini, akapanda kimoja kimoja hadi shingoni, akainamisha kichwa asione machozi yake. Na yeye akanyamaza katikati ya hadithi, akainua kidevu kidogo ili amfikie, akaacha afungwe.

Nikamwambia mshika kamba awashe gari.