Ushanga Mmoja Uliobaki

Jumamosi moja baada ya kumzika mama yao, watoto wanne walikutana sebuleni kugawana shanga alizoacha. Kaka wa pili, kinyozi, alisogeza makochi, wakazimwaga zote juu ya turubai. Kaka mkubwa, mpima viwanja, alikunja mikono ya shati. Wa tatu, dereva, aliuliza kama kuna chai. Kitindamimba, binti pekee, aliyetunga shanga na mama tangu alipoweza kushika uzi, akaenda kuichemsha. Alikuwa ameshaonyeshwa kibanda sokoni, na fungu lake lingetosha kukianzisha.

Kwenye kiti cha marehemu alikaa Bonge. Bonge ni namba: milioni moja, elfu arobaini na nane, mia tano sabini na sita. Aliingia siku mama alipomaliza kuzihesabu shanga zake, akapapenda, akahamia. Alikizidi kiti kwa unene lakini hakuwa na makuu, na majirani walizoea kumsalimu yeye kwanza.

"Bonge, tugawie kwa tatu," kaka mkubwa akasema.

"Kwa tatu sigawanyiki. Utabaki mmoja."

"Na kwa nini tatu?" dada aliuliza, sinia mkononi. "Si tuko wanne?"

"Wewe utaolewa, mdogo wangu," kinyozi alisema kwa upole, akachagua kikombe kilichojaa zaidi.

Ilimuuma sana. Akaweka sinia chini.

Bonge alikohoa. "Mimi ni shufwa kuanzia utosini hadi unyayoni. Nikate nusu, kisha nusu ya nusu, uendelee hivyo mpaka ufike moja. Tatu hutaikuta popote. Kwa wanne nagawanyika kama mkate."

"Huwezi kupungua kidogo tu?" dereva akabembeleza.

"Mimi si kilo ya nyama. Nikipungua moja, huyo atakayekuja simjui."

Dereva alitupa ushanga mmoja dirishani. Ukarudi kupitia mlangoni, ukabiringika hadi kwa wenzake. Kinyozi aliongeza shanga mbili kutoka kwenye mkufu wake wa funguo. Nazo zikatoka kwenye turubai, zikapanda suruali yake na kurudi mfukoni. Wakamwomba dada aongeze chai.

Ndipo uso wa kaka mkubwa ulipong'aa. "Tunajitesa bure! Tugawane sisi watatu, huo mmoja unaobaki tumpe dada. Nani atasema tumemnyima?"

Walifurahi kweli. Kinyozi alimpiga dada begani kumpongeza.

Dada aliuokota, wa buluu, akacheka kwa sababu asingecheka angelia. Akautunga kwenye uzi, akauvaa shingoni. Bonge alitazama mafungu matatu, akaona hakuna hata moja lenye nafasi yake. Akainuka akiguna, akakusanya tarakimu zake saba, pamoja na sifuri yake moja anayoipenda, akaingia ndani ya ule ushanga mzima mzima. Shingo ya dada ikawa nzito kidogo.

Kibanda kilichukuliwa na mtu mwingine. Dada anashona vifungo kwa fundi cherehani, na jioni Bonge hutoka, hukaa kitandani, wakacheza mchezo wa kumkata nusu kwa nusu hadi moja. Bonge hutekenyeka, na kicheko chao husikika hadi barabarani.

Jumapili kaka zake huja kumtembelea, na kama ilivyo adabu, humsalimu Bonge kwanza.

"Mligawana vizuri?" Bonge huuliza.

"Vizuri sana," kaka mkubwa hujibu, akipokea kikombe kutoka kwa dada yake. "Hakuna kilichobaki."