Ukuta wa Reino

Bwana Dale Lindquist, mkaguzi wa majengo wa wilaya, alivua viatu mlangoni, akafunga feni yake kubwa ya kupimia uvujaji wa hewa kwenye fremu ya mlango, akataka madirisha yote yafungwe. Feni ikivuta hewa, nyumba iliyozibwa sawasawa hutulia. Hii ya Saima Hautala ilivuja hewa tena, palepale kwenye ukuta wa jikoni, kwa upana wa mabega ya mwanamume.

"Ni Reino," Saima alisema. "Hupitia hapo akija kunywa kahawa."

Reino, mumewe, alifariki Machi, akipuliza povu la kuzibia kuta ndani ya dari iliyofungwa ya nyumba hii waliyokuwa wakiijenga. Povu hilo sheria inalisifu kwa kutunza joto. Kuhusu mapafu ya anayelipuliza, haina la kusema. Sheria ni msumeno, ila wa huku Minnesota una meno upande mmoja. Tangu hapo Saima alilala kwenye karavani uani, maana nyumba isiyo na kibali hailaliwi. Sasa ilikuwa Novemba, hita ya karavani imekufa, na asubuhi hiyo aliamka nywele zimegandia ukutani kwa barafu. Alikuwa amechoka kuvumilia.

Jua likitua, Reino akaingia kupitia ukutani, buti mkononi, akaketi. Saima akamkaribisha mkaguzi kahawa. Akakataa mara mbili, kama adabu ya kwao inavyotaka, ya tatu akapokea.

"Pole, Reino," mkaguzi alisema. "Lakini unanivujishia nyumba, bwana. Si upite mlangoni kama watu?"

"Mlango mmeuweka nimeshakufa, Dale. Haunitambui."

"Basi ukuta uzibwe. Povu lilelile."

"Lililomuua?" Saima alifoka. "Unalijua hilo, Dale!"

"Povu lina kibali, Bi Saima. Nyumba yako ndiyo haina."

Reino alimtazama mkewe vidole, vilivyokuwa vya bluu kwa baridi. "Ziba, mama. Utakufa kule nje."

"Na wewe je?"

"Povu silipiti. Linanikaba hadi leo."

Akamaliza kahawa yake, akatoka. Saima akapuliza huku analia, na Reino akimwelekeza kutoka upande wa pili: anzia chini, usiharakishe, funika pua. Povu lilipofika usawa wa kichwa cha Reino, sauti ikakatika.

Mkaguzi akawasha feni. Nyumba ikatulia tuli. Akatia saini, akasema hajaona nyumba iliyozibwa vizuri namna hiyo wilaya nzima.

Saima akahamia ndani. Kulikuwa na joto, na alilichukia joto lile kwa moyo wake wote. Jumapili akaanza kukohoa. Bwana Lindquist alipita na bakuli la chakula cha pole, kama wafanyavyo mtu akifiwa, akamsikiliza Saima akikohoa mpaka mwanamke akashika meza.

"Ni hewa kavu tu ya majira," alisema, akamwomba kijiko.