Magunia Matatu ya Mama Tonny

"Ni wewe, Baba Billy! Magunia yangu ya mchanga yalitembea yenyewe?"

Akoth alikuwa amesimama mlangoni pake, leso kaifunga kiunoni, maji ya matope yakimfika vifundoni. Nyuma yake godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani likichuruzika. Magunia yake mawili ya dagaa, omena, ambayo yangekuwa sokoni Kisumu Ndogo saa hiyo, yalikuwa yamelowa chapa.

Mutinda, fundi wa viatu, hakuinua macho kutoka kwenye soli aliyokuwa akiishona. "Mama Tonny, mimi nashona viatu. Mchanga wako nitaupeleka wapi?"

"Si ulisema yanakurudishia maji? Si ulisema, watu wakisikia?"

Kweli alisema. Msimu wa mvua uliopita alisimama kwenye njia hiyo hiyo akalalamika kwa sauti, na maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yakimsulubu leo. Majirani walikuwa wametoka kutazama. Mwanamke mmoja alimhamisha mtoto wake mbali na kibanda cha Mutinda, kana kwamba wizi unaambukiza.

Kathini alisimama hatua chache juu yao akiwa amevaa sare yake ya skauti, skafu imepigwa pasi mara mbili. Alijua magunia yalikokwenda.

Jumamosi iliyopita alikuwa ameanza kuzibua mtaro wa ploti yao, kuanzia bombani hadi chini kwa Akoth. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kuhudumia jamii, hatua ya mwisho kabla ya kupata beji ya juu kabisa katika kundi lao. Mafundo ya kamba alishafaulu, huduma ya kwanza alishafaulu, moto wa njiti mbili aliuwasha kwa njiti moja. Alichimba siku mbili kwa jembe la kuazima, akatoa nepi, chupa, viatu visivyo na wenzao, hata mlango wa kabati. Huko chini kabisa akakuta magunia matatu yaliyooza, nyasi zimeota juu yake, yamekaa katikati ya mtaro. Nani angejua si taka? Aliyavuta moja moja, akamwaga mchanga kwenye njia ili watu wasiteleze. Alijivunia mchanga ule kuliko mtaro wenyewe.

Kumbe Akoth, ambaye siku hizo mbili alikuwa sokoni, ndiye aliyeyaweka kwa mikono yake, maji yapinde kabla ya kufika mlangoni. Maji yalipokuwa yakisuasua katika taka, hakuna aliyeona kazi ya magunia hayo. Jana jioni mvua ilinyesha, mtaro ukiwa msafi, na maji yakateremka mbio yasipate wa kuyazuia.

"Wewe," Syombua, mama yake, alimnong'oneza akimvuta mkono. Alikuwa ameshausoma uso wa mwanawe. "Usifungue mdomo. Karatasi ya beji ipelekwe kwanza. Mama Tonny tutaongea naye Jumatatu."

"Na Baba Billy, mum?"

"Baba Billy ni mtu mzima. Maneno hayamuui."

Tusiwe wepesi kumlaumu Syombua. Miaka mitatu amefua nguo za watu, na shati lile la sare alilitafuta kwenye mitumba ya soko la Toi asubuhi nzima, akalipunguza kwa sindano. Mwezi ujao Kathini angevuka umri wa kundi lao. Beji isipopatikana leo, haipatikani tena. Mama gani asingenong'ona?

Mwalimu Lazarus, kiongozi wao wa skauti, alifika kwa miguu kutoka Kawangware, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Chini ya koti alikuwa ameikinga karatasi. Ilikuwa na mistari mitano ya sahihi za majirani, minne ikiwa imejaa. Sahihi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Mutinda.

"Sasa, Kathini? Hii lazima ifike ofisini saa sita. Wa tano ni nani?"

Kabla hajajibu, Akoth aliita kutoka mlangoni. "Lete hapa, mwalimu. Huyo msichana nitamsainia. Amefanya kazi, yawa. Wacha hii takataka ya wakubwa." Akamtupia Mutinda jicho, kisha akapangusa mikono kwenye leso, mbele na nyuma, mpaka ikakauka. Alipokea kalamu. Aliiweka karatasi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainama.

Kathini aliona ncha ya kalamu ikigusa mstari.

"Mama Tonny, usisaini."

"Nini?"

"Ni mimi nilitoa magunia. Nilidhani ni taka. Mchanga ndio huo mnakanyaga." Alionyesha njia kwa kidole. "Baba Billy hajui chochote."

Syombua alifumba macho. Watu wote waliangalia chini, kwenye njia, kana kwamba mchanga ungekana. Akoth aliinuka polepole. Alimtazama msichana, akatazama magunia ya omena. Afadhali angetukana. Alirudisha kalamu, akaingia ndani, akaanza kuteka maji kwa sufuria na kuyatupa nje.

Mwalimu Lazarus alikunja karatasi mara mbili. "Siwezi kuipeleka hivi," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Kathini zaidi. "Kazi imeingiza maji kwa nyumba ya mtu."

"Najua, mwalimu."

Akaondoka nayo, viatu bado mkononi.

Kathini alilia, na hakujificha. Kisha alivua skafu, akampa mama yake, akaenda kuazima jembe lile lile. Magunia matupu alipewa na muuza makaa. Alikwangua mchanga kwenye njia, tope na yote, akajaza mawili. Akamwendea Mutinda kuomba sindano ya kushonea midomo ya magunia.

Mutinda aliweka kiatu chini. "Wiki nzima umepita hapa ukinisalimia," alisema.

"Sikuwa najua, Baba Billy. Nimejua leo asubuhi."

"Leo asubuhi ulisimama pale ukanisikiza nikiitwa mwizi." Alirusha sindano na uzi kwenye benchi. "Shona mwenyewe."

Alishona vibaya, akijichoma. Gunia la tatu lilikataa kusimama wima, mchanga ukimwagika kila alipogeuza mkono. Mikono miwili ikatokea, ikashika mdomo wa gunia na kuufungua. Ilinuka omena. Kathini hakuthubutu kuinua uso. Walifanya kazi hivyo mpaka gunia likajaa, wakayapanga yote matatu katikati ya mtaro.

Saa tisa mawingu yalifunga tena. Matone ya kwanza yalipogonga mabati, wawili hao walikuwa wamesimama kando ya mtaro. Maji yalikuja na povu, yakagonga magunia, yakasita, yakapinda kuelekea mtoni.

"Ile karatasi iko wapi?" Akoth aliuliza.

"Mwalimu ameenda nayo."

"Una nini ingine ya kuandika?"

Kathini alitoa kalamu na daftari lake la skauti mfukoni. Kurasa zilikuwa zimepinda kwa unyevu. Akoth alilifungua katikati, kwenye ukurasa mtupu, akaliegemeza ukutani na kuanza kuandika jina lake, herufi moja moja, bila haraka. Mvua ilikuwa ikiongezeka. Kathini alisogea karibu, akaukinga wino kwa viganja viwili.