Walikuja Asubuhi

Nilisikia mfagio uani kabla hakujapambazuka. Violet, mjukuu wangu aliyerudi kwangu kwa ajili ya ugonjwa, alikuwa akifagia kwa nguvu. Wakwe zake wa Ubaruku walikuwa wamelala kwa ndugu yao hapa Mlandege, na mambo ya ndoa kwetu huzungumzwa asubuhi.

"Pumzika, mwanangu. Utachoka mapema."

"Bibi, mama mkwe anikute nimelala?"

Walifika jua likichomoza, mumewe Budeba na mama yake, Roza. Violet akapiga magoti, akawanawisha mikono, akawapa chai na viazi. Macho yake yalikuwa wazi, maneno yamenyooka.

Roza akacheka. "Ndiye huyu mgonjwa? Mbona leo kope hazianguki? Au zinaogopa kupandikiza mpunga tu?"

Nikamweleza kama daktari wa Mbeya alivyotueleza. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia pale mishipa ya fahamu inapoiamuru misuli. Akipumzika, misuli inaitika. Akiitumia sana inalegea, kope zinashuka, ulimi unakuwa mzito, hata kumeza kunamshinda. Vidonge vinamsaidia, lakini haviuondoi ugonjwa.

"Mchana anaongea kama mlevi, majirani wanasikia. Asubuhi mzima! Ugonjwa gani una saa zake?"

"Ndio huu. Kaeni mpaka jioni mwone, mama Budeba."

"Mpunga wetu nani atauangalia, mama? Huyu kaa naye. Happy tutamlea wenyewe."

Happy ni mtoto wao, bado mdogo, wamemwacha kule. Violet alimtazama mumewe. Budeba ni kijana mwema. Ndiye aliyekuwa akimlainishia ugali kwa maziwa ili asipaliwe, na hilo sijalisahau. Lakini asubuhi ile aliinamisha kichwa, akanyanyuka na mama yake.

Violet akawasindikiza hadi barabarani, kama adabu inavyotaka, akiwa amembebea mama mkwe mfuko wa viazi nilivyowafungia. Nilimfuata nyuma. Kufika barabarani vidole vikalegea, mfuko ukaanguka. Kope moja ilikuwa imeshuka. Roza alikuwa ametangulia, hakugeuka. Budeba alirudi, akaokota viazi, na uso wa mkewe akauona.

"Baba Happy," Violet akasema, sauti ikitokea puani, "njoo tena. Uje na mtoto. Uje jioni."