Mizani Nane za Mzee Melkizedek

Aaaaaaa.

Ilianza chini, ikapanda kidogo, ikatulia. Nilikuwa nimefumba macho kwenye benchi la nje, nahesabu kwa kidole juu ya paja. Saba, nane, tisa. Haikukatika. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliacha kumbembeleza mtoto wake, akasikiliza. Kumi na tano, kumi na sita. Ndipo ikazimika ghafla, kama bomba lililofungwa.

Nikafumbua macho. Nyuma ya mlango ule alikuwa baba yangu, Mzee Melkizedek, dereva wa lori la miwa kutoka Kidodi. Alikuwa anapimwa sauti.

"Vizuri sana, mzee," dada Odilia alisema mle ndani. "Sasa sema pa-ta-ka, haraka haraka, bila kupumzika."

Pa-ta-ka, pa-ta-ka, pa-ta-ka. Nikagonga paja pamoja naye. Hakukwama hata mara moja, nami nikajisikia kama bondia aliyesikia kengele ya ushindi.

Odilia alikuwa mtafiti, amekuja hospitali ya Kilosa kutoka Morogoro na kompyuta yake na maikrofoni ya kuvaa kichwani. Alishatueleza kwamba ugonjwa wa Parkinson hauanzi mkononi kila mara. Wakati mwingine huingia kwenye sauti kwanza. Sauti hufifia, hukosa kupanda na kushuka, maneno hugongana, na mwenyewe asijue. Programu yake ilisikia mtikisiko ambao sikio la mtu halisikii. "Haitoi hukumu," alisema. "Inamwonyesha daktari pa kutazama."

Mimi sikuhitaji kompyuta. Tangu mavuno yaliyopita nilikuwa nimeuona mkono wa kulia wa baba ukicheza peke yake juu ya goti, na sauti iliyokuwa ikishinda honi ikashuka hadi tukawa tunamwinamia mezani. Vijana wa maegesho ya Mikumi wakaanza: "Mzee betri imeisha." Mmoja nilimpasua mdomo, na sijutii. Kisha Yassin, mwenye lori, akaja nyumbani kwa heshima zote, akasema, "Mzee Melki, niletee barua ya hospitali. Bila barua, msimu huu usukani nampa mtu mwingine."

Baba alikuwa ameendesha miaka thelathini na moja. Alinitazama mimi, si Yassin.

Basi nikaamua kuishinda ile mashine kwa silaha niliyokuwa nayo. Mashairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa redio na kwa vitabu visivyo na majalada, hadi nikajua kuhesabu silabi nane kwa kila kipande hata nikiwa nakata miwa. Na jambo moja nililigundua kwa bahati. Siku moja baba alighani nami ubeti, na sauti ikarudi. Ikarudi yote, nzito, kama zamani. Nje ya mizani ilikufa tena.

Wiki tatu tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Nilimfundisha kuvuta pumzi, kugonga kidole, kutupa sauti mbali. Nikamtungia na majibu. Kama wangemuuliza amelalaje, lilikuwapo jibu. Kama wangemuuliza kazi yake, lilikuwapo. Yote mizani nane, bila vina, ili yasisikike kuwa shairi.

Kilichonitisha kilianza wiki ya pili. Mama alimuuliza kwa Kisagara, lugha yao ya chumbani na shambani, kama anataka chai au uji. Kidole cha baba kikagonga meza. Kisha akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu wa jukwaani:

"Chai, mke wangu, chai."

Mama aliweka kikombe chini. "Mbona unanijibu kama mgeni?"

Kwa Kisagara baba hakuwa na mizani, na pasipo mizani hakuwa na sauti. Mama akanitazama kama mtu aliyeona alama za miguu ndani ya nyumba yake. Nikainuka, nikaenda kunoa panga ambalo halikuwa butu.

Sasa, mle ndani, Odilia alisema, "La mwisho, mzee. Niambie tu ulifanya nini jana. Ongea utakavyo."

Nikasikia kidole kikigonga kiti.

"Jana nilipoamka, nikasikia jogoo, nikanawa nikatoka, nikalikagua lori, maji, mafuta, tairi, mpaka taa za nyuma."

Odilia akacheka kidogo. "Mzee, unaongea kama unaghani."

Mlango ulipofunguliwa alimwacha baba avae koti, akanijia mimi. Alikuwa na jicho la kupekua. "Kaka Alfred, grafu zake ni nzuri. Nzuri kuliko nilivyotegemea, kwa namna anavyotembea. Nyumbani anaongea hivi hivi?"

Lilikuwa swali moja tu. Yule mama mwenye mtoto alikuwa anasikiliza.

"Hivi hivi," nikasema.

Aliandika barua. Kipimo cha sauti hakikuonyesha dalili, ilisema, lakini daktari amwone bado, na arudi baada ya miezi mitatu. Nilijua Yassin angesoma mstari wa kwanza tu.

Tulipanda basi hadi Mikumi, tulichukue lori na kumpelekea Yassin barua. Lori lilikuwa limetengenezwa breki huko, limeegeshwa kwenye mteremko nyuma ya gereji, tumbo limejaa jua la saa saba. Cleopa, utingo wa baba, alikuwa amekaa kivulini mwa tairi akila muhindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba alisema. Ilitoka kama vumbi.

"Na wewe mshairi, umeiimbia mashine imelala?"

"Imelala fofofo," nikasema, na kumpungia barua.

"Afadhali. Yule kijana ambaye Yassin alitaka kutuletea anaendesha kama anafukuzwa na nyuki."

Lazima nieleze walivyofanya kazi wale wawili. Lori likiwa mteremkoni, Cleopa huweka gogo nyuma ya tairi. Baba huwasha, hukanyaga breki, hupiga kelele, "Toa!" Cleopa huinama na kulivuta gogo. Kama kuna hatari, baba hupiga kelele, "Toka!" Cleopa hatazami lori. Macho yake yako kwenye gogo na vidole vyake, na masikio yako kwa baba. Miaka kumi na tisa, hivyo tu.

Baba akapanda. Nami nikapanda upande wa kushoto. Injini ikanguruma.

"Toa," baba akasema. Alilisema vizuri. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi hilo.

Kwenye kioo cha upande wangu nikaona mgongo wa Cleopa ukiinama. Kisha nikaona ardhi inasogea. Nikageuka. Mguu wa baba ulikuwa umeteleza kutoka kwenye breki na ulikuwa unarudi polepole mno, kama mguu wa mtu anayetembea majini. Alikuwa ameona. Alikuwa ameona kabla yangu. Kinywa kilikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama, macho yameniacha mimi na kukikazia kioo.

Hakikutoka kitu.

Kidole chake kiligonga usukani. Mara moja. Mara mbili. Alikuwa anatafuta mizani.

"Cleopa, toka!" nikapiga kelele hadi koo likachanika.

Tukasikia gogo likipasuka. Lori likateremka, likaparamia rundo la kokoto, likasimama. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, nikazima injini, nikaruka chini.

Cleopa alikuwa amekaa mchangani, ndala moja mguuni. Nyingine ilikuwa chini ya tairi. Alijishika vidole vya mguu, akavihesabu kwa kuvigusa, kisha akaokota kipande cha gogo.

"Nilisikia sauti yako wewe," alisema. "Yake sikuisikia."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Alfred, hiyo barua. Walimpima yeye, au walikupima wewe?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, hiyo ningejua pa kuipeleka. Nikarudi kwenye mlango wa dereva. Baba alikuwa bado ameshika usukani, midomo inacheza. Niliweka sikio karibu na ndevu zake. Pumzi tu. Kidole kikagonga, kikagonga, hadi kikapata njia, na sauti ikatoka nzito, safi, ya mtu mzima asiyeumwa chochote:

"Mwanangu, tunga lingine."

Silabi nane. Nilizihesabu bila kutaka.

Nikachomoa funguo. Hakunizuia, mkono wa kulia ulikuwa unacheza peke yake juu ya goti. Nikamgeukia Cleopa na kumwambia kwa sauti, ili na baba asikie:

"Lori hili halisogei leo. Kesho asubuhi narudi Kilosa, namwambia dada Odilia kwamba alichorekodi ni shairi langu. Kisha namkalisha baba mbele ya ile maikrofoni aongee Kisagara, na mimi nitakaa mbali, asinisikie nikihesabu. Nakuahidi, Cleopa."